Choo kina pazia la simbi, na mama mkwe anakuja

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni, sufuria iko motoni na mume wangu yuko sebuleni. Ana tabia ya kuchungulia simu yangu akipita, si kwa wivu, ni udadisi tu, kwa hiyo ukiona makosa ujue nilisikia nyayo zake.

Mwaka jana tulitimiza miaka 9 ya ndoa, tukaenda pwani siku tano kwenye hoteli niliyoichagua mimi. Si ya ghorofa na lifti. Ni ya butiki, ina vyumba 11 tu, na hakuna hata kimoja chenye namba. Chetu kiliitwa Pweza. Ufunguo wake umefungwa kwenye pweza wa kuchonga, mzito kama mchi, ukiutia mfukoni suruali inateremka. Mlango uko nyuma, kwenye ukuta mnene wa mawe usio na dirisha, na ndio unaofungwa kwa ufunguo huo. Upande wa bahari hakuna ukuta kabisa. Ni ngazi tatu za mbao, halafu mchanga.

Kitanda ni mtumbwi mkuukuu uliopasuliwa ubavu, ukatiwa godoro, ukaning'inizwa kwa kamba nne kwenye boriti. Ukigeuka, unapembea. Beseni la kuogea liko katikati ya chumba, lina miguu ya simba. Bafu halina paa na mpapai umeota ndani yake. Asubuhi unasikia kengele chini ya ngazi, unavuta kamba, kikapu kinapanda kwa kapi na chai yako ndani, na ua juu ya kifuniko cha birika. Usiku wanawasha mishumaa kila kona, mpaka pembeni ya chandarua, na paa lote la makuti linang'aa. Choo hakina mlango. Kina pazia la simbi.

Shangazi, mimi nilijiona nimeingia ndotoni. Nililala usingizi ambao sijaulala tangu nizae.

Mume wangu neno lake la kwanza lilikuwa, "Ufunguo wa nini, na chumba hakina ukuta?" Nikacheka nikidhani ni utani. Usiku ule aliburuta sanduku letu akaliweka juu ya ngazi, akapanga viti viwili, na ngazi ya chini akasimamisha glasi na kijiko ndani yake. Alifanya hivyo kila usiku. Alilalamika joto, akalalamika mbu, akalalamika kwamba njia ya kwenda kula haina taa, wageni wanapewa vitochi vyekundu visivyomulika hata kidole cha mguu. Usiku wa nne nilishtuka nikamkuta ameketi kwenye lile beseni, kavu, na nguo zake zote, anatazama gizani.

Na bahari yenyewe ikatuaibisha. Kwenye picha maji yanagusa ngazi. Sisi tumefika saa sita mchana, maji yako mbali huko, mbele yetu majani ya baharini na vidimbwi. Nilikuwa nimechagua siku za mwezi mpevu makusudi, kwa ajili ya picha. Ikawa kila saa ya kuogelea, maji hayapo, yanarudi jioni wakati tunavaa twende kula.

Tangu turudi, kila tukiwa na watu anasimulia jinsi mkewe alivyomlipisha akalale kwenye mtumbwi mkavu. Watu wanavunjika mbavu. Na mimi nacheka, lakini moyoni inanichoma.

Sasa sikia nilichofanya. Mwaka huu ni wa 10. Hoteli ilituma punguzo kwa wageni waliowahi kufika, na mimi, kwa akiba yangu, nikalipa nusu ya bei ya siku tano. Vyumba viwili. Pweza tena, na kingine cha mama mkwe, ambaye anatimiza miaka 70 wiki hiyohiyo. Alimlea mume wangu peke yake na hajawahi kulala hotelini maishani mwake. Nimemwambia ni siri. Ameshanunua vazi la kuogelea la zambarau na ananipigia simu kila jioni kunong'ona. Chumba walichompa kinaitwa Kiota, kiko juu ya mti, kinapandwa kwa ngazi ya kuzunguka. Goti lake moja ni bovu.

Nilicholipa hakirudishwi. Na wiki iliyopita mume wangu, bila kujua lolote, kasema, "Mwaka huu popote utakapo, ila pawe na mlango."

Rafiki yangu mmoja anasema mwanamume asiyejua kufurahi nimwache abaki nyumbani. Nifute kimyakimya, hela ipotee? Au niwapeleke wote wawili, akiwaona mama yake na bahari atalainika?

Ni mimi,
Mama wa Chumba cha Pweza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka miwani ikashuka puani. Mara ya pili nilifika kwenye ile glasi yenye kijiko, na hapo kicheko kikakatika.

Hebu itazame tena ile glasi. Mtu anayeichukia hoteli hununa, anakwenda mapokezi kugomba, au anakunywa akalala. Mumeo alipanga vizuizi kwenye ngazi na akatega kengele, ili mtu akikanyaga kijiko kilie. Akafanya hivyo usiku wote mliokaa. Wewe ulilala usingizi ambao hujaulala tangu uzae, na nadhani ulilala hivyo kwa sababu hatua tatu kutoka kichwani pako kulikuwa na mtu macho. Huyo hakwenda likizo. Alikwenda zamu ya ulinzi, na akachangia gharama.

Sasa mwanamume wa namna hiyo anarudi nyumbani aseme nini mbele za watu? Kwamba aliogopa? Hawezi. Anasimulia mtumbwi mkavu. Huenda nimekosea, mimi nina barua yako tu. Lakini muulize, na usimuulize "kwa nini hukuipenda". Muulize, "Zile usiku ulikuwa unasikiliza nini?" Kisha nyamaza ungoje.

Huyo rafiki yako nitampita tu, nina mambo ya maana mbele.

Tuje kwenye hoteli yenyewe, maana sitaki uitupe. Mimi mwenyewe niliwahi kulala kwenye kitanda cha mviringo, katika hoteli ambayo mwenyewe aliamua pembe ni dhambi. Tuligombana hadi usiku wa manane kichwa kikae wapi, na asubuhi tukaamka kama mishale ya saa, kila mmoja anaonyesha wakati wake. Nimeyasahau yote ya safari ile isipokuwa hilo, na ndilo ninalolipenda. Kwa hiyo mtumbwi wako naujua.

Jina hilo la butiki lenyewe lina maana. Mwaka 1984 Ian Schrager na Steve Rubell walifungua hoteli ya Morgans jijini New York, na Rubell ndiye anayetajwa kusema kwamba hoteli nyingine ni kama duka kubwa lenye kila kitu, yao ni kama butiki. Na butiki unaijua. Mwenye duka amechagua kwa jicho lake, hakuuliza wewe unapenda nini. Ukiingia ama inakukaa ama haikukai. Ila nguo ya butiki nayo hupunguzwa kiunoni na kuachiwa pindo, na hilo ndilo hukulifanya. Mlikaa siku tano ndani ya nguo inayombana mumeo, na hakuna aliyekwenda kwa fundi.

Mengi yaliyomkera yana sababu, na mengi yana dawa.

Joto kwanza. Umeniandikia mwenyewe kwamba ukuta wa nyuma ni wa mawe, hauna dirisha. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa yake inapaa, na upepo unaingia kutoka baharini kushika nafasi yake. Ndiyo maana mchana chumba kile ni raha tupu, na ndiyo maana picha zote hupigwa mchana. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, na upepo, kama upo, unatoka bara kwenda baharini. Chumba kilichoachama upande wa bahari na kuzibwa upande wa bara hakipati kitu. Mlikuwa mmelala nyuma ya ukuta unaozuia upepo wenu. Hoteli ya vyumba 11, kila kimoja na umbo lake, haikosi chumba chenye dirisha au mlango wa wavu upande wa nyuma. Kiulizie hicho. Na feni pia, feni ya kweli juu ya kitanda, maana inapoza na inawasumbua mbu, ambao si warukaji hodari. Chandarua ni cha lazima kwenye chumba kisicho na ukuta, lakini hakitoshi, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku na wale wa dengue huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Dawa ya kujipaka iwe karibu na ile birika yako yenye ua. Mijusi kwenye boriti waache, wanakula wadudu bila kudai ujira.

Maji nayo hayakuwaaibisha. Mliyaendea siku zao za kuondoka. Sehemu nyingi za pwani bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake zinasogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, ni bamvu. Yanajaa kupita kawaida na yanakupwa kupita kawaida. Wewe ulichagua mwezi mpevu ili upate picha, ukapata mwezi ukaikosa bahari. Sasa piga hesabu. Dakika 50 kwa siku saba ni karibu saa sita. Pwani ambayo siku za bamvu hupwa adhuhuri, wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, itajaa karibu na adhuhuri. Hayo ndiyo maji mafu, hayapandi sana na hayashuki sana, na kwa mtu wa miaka 70 mwenye vazi jipya la zambarau ndiyo maji hasa. Hayatafika kwenye ngazi kama ya pichani, lakini hatalazimika kuvuka majani na vidimbwi kwa goti lile. Jedwali la kujaa na kupwa huhesabiwa kutokana na mwendo wa mwezi na jua, kwa hiyo la mwaka mzima hupatikana mapema. Waombe wakutumie la siku zako.

Vile vitochi vyekundu navyo nina dhana. Pwani wanakotaga kasa, hoteli zenye akili huzima taa za ufukweni. Vitoto vyao vikianguliwa usiku huelekea palipo na mwanga zaidi, na kwa maumbile hapo ni juu ya bahari. Ukiwasha taa nyeupe uani, vinageuka vinaelekea kwako, na havifiki majini. Mwanga mwekundu hauvipotoshi sana. Waulize kama ndiyo sababu, na kama ndiyo, mwambie mumeo. Mtu aliyekaa macho usiku kucha akitazama mchanga gizani, laiti angejua anatazama kitu gani, pengine angekuamsha wewe.

Ila si kila kitu nitakitetea kwa jina la ubunifu. Mishumaa ya moto wa kweli chini ya makuti makavu, tena pembeni ya chandarua, hapana. Hapo sicheki hata kidogo. Moto ukishika chandarua, makuti hayakungojei uvae viatu. Waambie chumbani kwenu na kwa mama itumike taa ya betri, na ukifika uliza vizimamoto viko wapi. Wakikujibu kwamba mishumaa ni sehemu ya mvuto wao, basi mwanangu, hela hiyo iache ipotee.

Na mlango. Mumeo amekuomba kitu kimoja tu. Sanduku la chuma la kuwekea pesa na hati linasaidia, lakini yeye hakuwa analinda pesa. Hoteli za vyumba vya wazi mara nyingi huwa na milango ya kukunja, au mapazia mazito yanayofungwa kwa komeo usiku, au angalau mlinzi anayepita ufukweni. Inawezekana Pweza nayo ina kitu cha namna hiyo kimekunjwa pembeni, na hamkuambiwa kwa sababu hamkuuliza. Kama haina, hameni Pweza. Najua unaipenda. Ila hujanieleza kwamba ulimpenda pweza yule wa kuchonga kuliko usingizi wa mwenzako.

Mama mkwe. Hapa nakukanya kidogo. Ulimkatia mtu wa miaka 70 mwenye goti bovu chumba kilicho juu ya mti? Najua ni wao waliokupa, lakini wewe ulinyamaza. Mama apewe chumba cha chini, njia isiyo na ngazi, bafu lenye kitu cha kushika na sakafu isiyoteleza, taa ya kuwasha akiwa bado kitandani, na kitanda kinachosimama kwa miguu yake chenyewe. Atakapoamka saa tisa usiku kwenda msalani asianze kwa kushuka kwenye mtumbwi unaopembea. Na msala wake uwe na mlango wa mbao na kitasa. Zile simbi zinalia, mwanangu. Kila anayeingia anatangazwa, na kila anayetoka. Mama mkwe na pazia la simbi havikai chini ya paa moja.

Kuhusu ulicholipa, usianze kwa kudai kurudishiwa, maana hapo watakusomea masharti. Omba mabadiliko. Hoteli ndogo kama hiyo, barua yako mara nyingi inasomwa na mwenyewe, au na mtu anayekaa meza moja naye, na kubadili tarehe na vyumba hakumgharimu kama kukurudishia fedha. Mwandikie leo, si wiki moja kabla. Kama tarehe zako zimeangukia bamvu tena, sogeza mbele siku saba uyakute maji mafu, badilisha Kiota, taja feni, mlango na mishumaa, na jibu lije kwa maandishi. Ikiwezekana, geuza siku tano ziwe tatu hapo, na mbili za mwisho mkalale hoteli ya kawaida yenye kuta nne na namba mlangoni. Wengine watakuambia unaharibu ladha. Mimi naona siku tatu za ndotoni zinatosha kwa mtu ambaye usiku huwa halali.

Usiifute barua hiyo kwenye simu, wala usiipeleke kabla mumeo hajaisoma. Ulitaka kumshtukiza, lakini zawadi ya kushtukiza ni kitu ambacho mtu angekitaka akikijua. Huyu alishasema asichokitaka, na alikisema huku nusu ya hela imeshalipwa. Ukimfikisha pale mbele ya mama yake hatagomba, atatabasamu. Halafu usiku ataburuta sanduku, na safari hii atakuwa na vyumba viwili vya kulinda.

Kwa hiyo zima jiko, kaa naye. Anza na glasi. Mwambie uliiona, na kwamba hukuelewa. Kisha mwonyeshe ulicholipa, na mpe kalamu aongeze masharti yake kwenye barua ya hoteli, yeye ndiye aliyekagua chumba kile usiku kuliko hata aliyekijenga. Akikataa kabisa, basi, mwache mama achague mahali pengine penye bahari, tarehe unazijua sasa.

Lakini iwe jioni hii, kabla simu ya kunong'ona haijaingia. Vazi la zambarau halifichiki kabatini muda mrefu, na mwenye vazi hilo ni mama yake, si wako.

Shangazi